Aliyepewa Hifadhi Asimnyime Mwenziwe

Msafiri atokaye mjini Mbarara kwa njia ya kusini-mashariki huuacha nyuma mto Rwizi na kelele za mji, akaingia katika vilima vya migomba na malisho ya ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, hadi afike Rwekubo katika Wilaya ya Isingiro. Rwekubo si mji mkubwa. Ni mahali pa maduka, kituo cha afya na soko. Lakini kwa watu wengi waliofika huko na mzigo mmoja kichwani na mtoto mgongoni, Rwekubo imekuwa mlango wa kuendea Nakivale.

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958, na muda si mrefu yakawapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyozuka kwao mwaka 1959. Tangu hapo hayakukosa watu. Leo wanaishi humo zaidi ya watu 100,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Wapo wanaokwenda kanisani na wapo wanaokwenda msikitini, na lugha inayowakutanisha wengi wao dukani na kisimani ni hii yetu ya Kiswahili.

Katika makala haya tunataka kuwazungumzia Waislamu, na hasa wale wanaosema kwamba kutetea haki za binadamu si vazi la kuazima, bali ni sehemu ya dini yenyewe. Wapo wanaowasifu na wapo wanaowalaumu. Kabla ya kusifu au kulaumu, ndugu msomaji, yafaa tuingie kwanza katika nyumba moja tuone jambo lenyewe lilivyo.

SHEMEJI ANAPOKUJA

Tumfikirie mjane mmoja. Hatumpi jina, maana wa namna yake ni wengi, makambini na mijini. Mumewe amefariki. Amemwachia watoto, mbuzi wachache, shamba dogo alilogawiwa ndani ya makazi, na vyombo vya nyumbani. Matanga yakiisha, shemeji anafika. Anaketi, anakunywa chai, kisha anasema: mali hii ni ya ukoo, watoto hawa ni wa kwetu, nawe chagua moja, uolewe na mdogo wa marehemu au ufungashe vyako uondoke. Anapoona mama yule anasita, anaongeza neno moja tu: ndivyo dini isemavyo.

Neno hilo ndilo linalomfunga mama kinywa. Kubishana na shemeji ni jambo dogo, lakini nani athubutu kubishana na Mungu? Iwapo hakusoma, na iwapo yuko ugenini bila baba wala kaka, anainamisha kichwa na kutoka. Hivyo ndivyo haki inavyopotea usiku bila mlango kuvunjwa.

Hapo ndipo inapoanza kazi ya watetezi tunaowataja. Hawamwambii mama yule aiache dini yake ili apate haki. Wanakifungua kitabu kile kile ambacho shemeji amekitaja bila kukifungua, na wanamwonyesha yaliyomo. Katika sura ya nne ya Kurani, sura iitwayo Wanawake, imekatazwa waziwazi kuwarithi wanawake kwa nguvu, kana kwamba wao nao ni mali ya marehemu. Katika sura hiyo hiyo mjane amewekewa fungu lake: robo ya mali iwapo marehemu hakuacha mtoto, na thumuni, yaani sehemu moja katika nane, iwapo aliacha mtoto. Wakiwa wake wawili au zaidi, hugawana fungu hilo.

Hesabu yenyewe si ngumu, na yafaa kila nyumba iijue. Tuseme marehemu ameacha mbuzi 24, mke mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, na wazazi wake walikwisha kutangulia. Kwanza yatalipwa madeni yake, na wosia wake utatimizwa usiozidi theluthi moja ya mali. Tena ikumbukwe kwamba mahari ambayo mume hakuimaliza kuilipa ni deni, na mke huidai kabla ya urithi kugawanywa. Ikiwa baada ya hayo mbuzi 24 wamebaki, mjane hupata watatu. Wanabaki 21. Kila mtoto wa kiume hupata sita, na kila binti watatu. Jumla imetimia. Na shemeji je? Shemeji hana kitu, maana maadamu yupo mtoto wa kiume, ndugu wa marehemu harithi.

Kuna Waislamu wa siku hizi wanaokwenda mbali zaidi, wakiuliza kama fungu la binti kuwa nusu ya fungu la kaka yake bado lina sababu ile ile katika zama ambazo binti ndiye anayewalisha wazazi. Nchini Tunisia jambo hilo lilifika hadi serikalini: mwaka 2018 baraza la mawaziri lilikubali mswada wa kusawazisha urithi, lakini Bunge halikuupitisha. Wanachuoni wengi wanaupinga mwelekeo huo. Mjadala huo na uendelee. Lakini hapa petu ugomvi haujafika huko. Hapa petu binti hanyimwi nusu ya pili. Ananyimwa hata ile ya kwanza, ambayo hakuna mwanachuoni anayeikana.

WAISLAMU WA KWANZA WALIKUWA WAKIMBIZI

Watu husema kwamba maneno haya ya haki za wakimbizi, haki za wanawake na haki za walio wachache yameletwa na wageni wenye magari meupe. Historia haikubaliani nao.

Waislamu wa mwanzo kabisa walikuwa wakimbizi. Kiasi cha mwaka 615, walipozidiwa na mateso ya wakubwa wa Makka, Mtume Muhammad aliwashauri baadhi yao wavuke bahari waende Uhabeshi, kwa kuwa huko kulikuwa na mfalme asiyemdhulumu mtu. Mfalme huyo, Najashi, alikuwa Mkristo. Masimulizi ya maisha ya Mtume yanaeleza kwamba wakubwa wa Makka walituma wajumbe wenye zawadi za ngozi nzuri, wakataka wakimbizi warudishwe. Najashi hakuwarudisha. Aliwaita kwanza wajieleze, na Jaafar bin Abi Talib, binamu wa Mtume, akasema kwa niaba yao. Mfalme alipokwisha kumsikiliza, aliamuru zawadi zirudishwe na wageni wakae kwa amani.

Mna mafunzo mawili katika kisa hicho. La kwanza ni la kila mtu: Uislamu ulinusurika katika utoto wake kwa hisani ya mtu wa dini nyingine, kwa hiyo Mwislamu anayemdharau mkimbizi au jirani wa imani nyingine amesahau alikotoka. La pili ni la wenye madaraka: Najashi alisikiliza kabla ya kuhukumu, na zawadi hazikumpofusha macho. Mambo hayo mawili yangetimizwa katika kila ofisi na kila kituo, malalamiko ya wanyonge yangepungua sana.

Hata Ankole yenyewe ina habari za namna hiyo. Mwaka 1888, vita vya dini vilipoikumba Buganda na Waislamu wakaushika utawala, Wakristo walikimbilia Kabula, katika nchi ya Mugabe Ntare wa Nkore, wakapewa mahali pa kukaa. Miaka michache baadaye mambo yaligeuka. Walioshindwa wakawa ni Waislamu, na baadhi yao wakaishia Ankole vile vile, na uzao wao ni miongoni mwa Waislamu wa sehemu hizo. Yaani nchi ile ile iliwapokea wote wawili, kila mmoja katika siku yake ya msiba.

Lakini tusiifiche sura ya pili. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwezi Aprili mwaka 1979, wapo waliotaka Waislamu wote walipe makosa ya mtawala mmoja. Mwezi Juni mwaka huo huo makumi ya Waislamu, wanawake na watoto wakiwemo, waliuawa huko Kiziba katika sehemu za Bushenyi, magharibi ya Mbarara. Waliouawa hawakuwa mawaziri wala majemadari. Walikuwa wakulima na majirani. Mtu akikumbuka Kiziba hawezi tena kusema kwamba haki za walio wachache ni maneno ya vitabuni. Wala Mwislamu anayekumbuka Kiziba hawezi kudai ulinzi kwa ajili yake, kisha amnyime mwingine aliye mchache kuliko yeye.

SAUTI ZILIZOTANGULIA

Wanaotafuta mageuzi ndani ya Uislamu si watu wa jana. Mjini Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891, alianzisha mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, jina lenye maana ya matengenezo. Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akafariki mwaka 1947. Sheikh huyo hakuwa mtu wa kuiga Ulaya, aliikosoa vikali. Lakini aliwakosoa Waislamu wenziwe vikali vile vile, akiwataka wasome elimu ya dini na ya dunia, na wasiwaache mabinti katika ujinga.

Zanzibar nayo ina somo. Kwa sheria ya mwaka 1985, msichana asiye na mume akipata mimba aliweza kufungwa gerezani hadi miaka miwili, hali mwanamume aliyempa mimba mara nyingi alikuwa akipita barabarani kwa raha zake. Akina mama, wanasheria na watu wa dini walilisema jambo hilo kwa miaka mingi, na mwaka 2005 sheria hiyo ikafutwa, ikawekwa nyingine iliyoondoa kifungo hicho. Waliodai mabadiliko hayo wengi wao walikuwa Waislamu, katika nchi ambayo karibu watu wote ni Waislamu.

Wengine walilipa kwa roho zao. Nchini Sudani, mzee Mahmoud Mohamed Taha alifundisha kwamba ujumbe wa asili wa Kurani ni usawa wa watu wote, wake kwa waume, Waislamu na wasio Waislamu. Alinyongwa mjini Khartoum tarehe 18 Januari mwaka 1985, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliibatilisha hukumu yake. Lakini hukumu hubatilishwa, kamba haibatilishwi.

Huko Marekani, tarehe 18 Machi mwaka 2005, Profesa Amina Wadud aliongoza sala ya Ijumaa ya wanaume na wanawake pamoja mjini New York. Wanachuoni wengi duniani waliikataa sala hiyo, na misikiti haikukubali kuipokea. Ilifanyika katika jengo la Wakristo. Mtu anaweza kukubaliana na Profesa Wadud au asikubaliane naye. Lakini asiyemkumbuka Najashi hapo, basi hakukisoma kile kisa cha Uhabeshi.

MAHALI PAGUMU

Yapo mambo ambayo watetezi hawa wameyapata kwa urahisi zaidi, kwa sababu wanachuoni wakubwa wamesimama upande wao. Mojawapo ni kukeketa mabinti. Mwezi Novemba mwaka 2006 wanachuoni walikutana Al-Azhar, mjini Cairo, akiwemo Mufti wa Misri wa wakati huo, Sheikh Ali Gomaa, wakatamka kwamba desturi hiyo haina msingi katika Kurani na kwamba inamdhuru mwanamke. Uganda ikaipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2010, na Kenya kwa sheria ya mwaka 2011. Mzazi atokaye katika jamii yenye desturi hiyo, awe Msomali au mtu mwingine, hawezi tena kusema kwamba analazimishwa na dini.

Yapo mengine ambayo ni magumu, na hatutakuwa wakweli tukiyaruka. Huko Afrika Kusini aliishi Imamu Muhsin Hendricks, aliyetangaza wazi kwamba anapenda watu wa jinsia yake, akafungua mahali pa sala pa Waislamu waliofukuzwa kwingine. Tarehe 15 Februari mwaka 2025 alipigwa risasi karibu na mji wa Gqeberha, akafa. Baraza la Wanachuoni wa Kiislamu la nchi hiyo lilikuwa likiyapinga mafundisho yake kwa miaka mingi, na hata siku hiyo halikuuficha msimamo wake. Hata hivyo lilitamka kwamba linalaani kuuawa kwake. Tafadhali, msomaji, tua hapo kidogo. Watu wale hawakusema kwamba amesema kweli. Walisema kwamba damu yake si halali.

Nchini Uganda sheria ya mwaka 2023 inaadhibu mapenzi ya jinsia moja kwa adhabu kali mno, hata kifo katika hali fulani. Viongozi wengi wa dini, Waislamu kwa Wakristo, waliiunga mkono. Watetezi wa haki za binadamu, Waislamu wakiwemo, wanaipinga, wakisema inavunja heshima ya binadamu na inamfanya mtu aogope hata kwenda hospitalini. Ugomvi huo ni mkubwa, nao hautamalizwa na ukurasa mmoja. Lakini liko jambo moja ambalo halina pande mbili. Hakuna sheria ya nchi, wala hakuna aya, inayompa jirani ruhusa ya kumchomea mtu nyumba, kumpiga kwa sababu ya uvumi, au kumfukuza kisimani. Mkimbizi aliyeponea chupuchupu kwao, akaja kupigwa na wakimbizi wenziwe kwa kuwa ni tofauti, amekimbilia wapi basi?

NENO KWA WALINZI WA AMANI NA JAMAA ZAO

Ndugu zetu askari, wa kambi na wa vituo, nyinyi hujua kuliko wengi maana ya kulala macho ili wengine walale usingizi. Yule mjane wa mfano wetu, akitoka nyumbani kwake akilia, yumkini ataishia mezani kwenu. Msimwambie: hayo ni mambo ya kifamilia, nendeni mkayamalize nyumbani. Nyumbani ndiko alikofukuzwa.

Yafuatayo yanafaa kukumbukwa na kila jamaa, awe raia au mkimbizi:

Kwanza, cheti cha ndoa, kadi ya jamaa ya mkimbizi na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwekwe mahali ambapo mke na mume wote wawili wanapajua. Mjane asiye na karatasi husumbuliwa mara mbili.

Pili, mume aandike wosia na madeni yake angali mzima, mahari isiyolipwa ikiwemo, na mashahidi waweke saini. Kuandika wosia hakuiti kifo.

Tatu, shamba aligawiwalo mkimbizi ndani ya makazi ni la kutumiwa na jamaa yake. Si la kuuzwa. Shemeji anayetafuta mnunuzi anauza kisicho chake. Mjane apeleke habari kwa baraza la wakimbizi la kijiji chake, na kwa ofisi ya mkuu wa makazi.

Nne, Sheria ya Mirathi ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2022 na kumwongezea mjane ulinzi, hasa katika nyumba aliyokuwa akikaa na marehemu. Mwislamu anaweza kutafuta usuluhishi kwa shekhe wake, lakini mlango wa mahakama ya serikali haufungwi kwa sababu ya dini ya mtu.

Tano, mabinti na wafundishwe hesabu ya mirathi kama wanavyofundishwa sala. Binti anayejua kwamba thumuni ya 24 ni tatu hatishwi kwa urahisi.

Na masheikh wetu nao wana sehemu yao. Hotuba moja ya Ijumaa juu ya haki ya mjane, ikisemwa kwa Kiswahili chepesi mbele ya mashemeji wenyewe, yaweza kuokoa nyumba nyingi kuliko mikutano kumi ya wageni. Maana anayesema kwa jina la Mungu ili kula mali ya yatima hujibiwa vizuri zaidi na mtu asemaye kwa jina hilo hilo ili kuirudisha.

Jioni zikifika, moshi wa mapishi hupanda kutoka katika nyumba zilizo karibu na ziwa Nakivale, nyumba ya Mkristo na nyumba ya Mwislamu, ya mwenyeji na ya mgeni, nao hauulizani kabila huko juu. Sisi tulio chini ndio tunaoulizana. Kila mmoja wetu, kwa namna moja au nyingine, anaishi chini ya dari ambayo mtu mwingine alikubali asiibomoe. Basi aliyepewa hifadhi jana, leo asimnyime mwenziwe.